Kiti cha Mashine

Kila Alhamisi mashine ya fotokopi ya ofisi ya ushirika ilikuwa inakufa, na kila Ijumaa inafufuka. Haikutoa moshi, haikunguruma vibaya, haikulalamika. Ilikaa pale pale kwenye chumba cha katibu muhtasi, taa yake ya kijani ikiwaka kama haina habari, na ukiweka karatasi juu ya kioo inakutolea kopi safi kabisa. Shida ni pale unapoituma kazi kutoka kwenye kompyuta. Kazi inaondoka, haifiki. Sasa mashine gani hiyo, wenzangu, inayojua leo ni siku gani?

Watu wa ofisi hiyo ya mjini Korogwe walikuwa na jibu lao, na jibu hilo lilikuwa linadeki korido. Jina lake Stefania, wengi wakimwita Mama Salome, mhudumu wa ofisi. Anafagia, anadeki, anachemsha chai, anajaza karatasi kwenye mashine, na jioni anazima kila kitu ukutani ili umeme wa LUKU, unaolipiwa kabla, usiishe kabla ya mwezi kwisha. Alianza kazi mwezi wa kumi na mbili. Mashine nayo ilianza kufa Alhamisi mwezi huo huo. Watu wakajumlisha moja na moja, na hawakutaka kusikia hesabu nyingine.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tatu ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Alhamisi ni siku ya wanachama. Wanatoka Kwedizinga na vijiji vingine vya Handeni kwa gari la kwanza, wengine wanatokea upande wa Mombo, na siku hiyo walikuwa wamefuata vibali vya mbegu. Bila kibali kilichochapwa jina lako, ghala halikupi hata punje. Na mawingu yalishaanza kukaa juu ya Usambara. Wakulima zaidi ya sitini waliketi barazani tangu alfajiri, na saa nane mchana meneja, mzee Semboja, akatoka kuwaambia warudi wiki ijayo. Waliinuka mmoja mmoja wakijikung'uta, na Stefania, aliyekuwa anakusanya vikombe, akaona aibu utadhani yeye ndiye aliyewafukuza.

Aliitwa kabla hajaviosha.

"Mama, kaa," Semboja alisema, kisha akakumbuka kwamba kiti cha wageni kimejaa mafaili. "Au simama tu, hatuchukui muda."

Pembeni yake alikuwepo Muhidini, karani wa takwimu, aliyesoma kompyuta wiki sita huko Tanga na tangu hapo akawa daktari wa kila chenye waya.

"Unadeki kwa maji mengi," Muhidini alisema. "Maji yanapanda kwenye mashine."

"Yanapandaje, na mashine iko juu ya magurudumu?"

"Mvuke."

"Nadeki kila siku, bwana Muhidini. Mbona ife Alhamisi tu?"

"Alhamisi unadeki zaidi kwa ajili ya wageni."

Stefania aliangalia vidole vyake, bado vina majani ya chai. Semboja alivua miwani akaipangusa kwa tai. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kupigiwa simu na watu wa ghala, na alitaka jambo hilo liishie kwa mtu fulani.

"Miezi yako mitatu ya matazamio inaisha Ijumaa ya wiki ijayo," alisema. "Alhamisi tutajaribu tena kutoa vibali. Mashine ikigoma, mama, tusilaumiane. Nitatafuta mtu mwingine."

Muhidini hakungoja wiki ijayo. Alileta utepe mwekundu wa mafundi umeme, akapiga magoti, akaubandika sakafuni kuizunguka mashine pande tatu. "Huu ndio mpaka," alisema. "Ndoo isivuke, na wewe usivuke." Maryamu, katibu muhtasi, aliinamia kompyuta yake kama hakuona. Kesho yake saa tatu karatasi ikakwama ndani ya mashine. Muhidini akahangaika nayo mpaka akachafua shati kwa wino, ndipo ikabidi Stefania aitwe avuke utepe aichomoe. Aliichomoa kwa vidole viwili. Alipomaliza akaambiwa arudi nyuma ya mstari, akarudi. Machozi yalimlenga, akayazuia, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Nyumbani Masuguru jioni hiyo, Kasmiri alikuwa anasonga ugali. Mume wa Stefania alikata tiketi za basi stendi ya Korogwe kwa miaka kumi na minane, mtoto wa mkata mkonge aliyejivunia kwamba mkono wake hushika kalamu. Tiketi zilipohamia kwenye simu, kampuni ikabakiza mawakala wawili kati ya tisa, na Kasmiri hakuwamo. Sasa asubuhi alibeba mizigo ya abiria pale pale alipokuwa bosi wa kaunta, na jioni alipika. Majirani walishamcheka wakachoka. Mshahara wa Stefania ndio uliolisha nyumba na kumweka binti yao Salome kidato cha tatu, na hilo walilijua wote wawili bila kulitaja.

"Wamesemaje leo?" Kasmiri aliuliza.

"Wamenichorea mpaka sakafuni kama mbuzi. Na Ijumaa ijayo, Baba Salome, huenda nikarudi nyumbani moja kwa moja."

Kasmiri aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hakusema pole, maana alijua pole haisaidii. Yeye mwenyewe alishapewa nyingi. Alikaa mezani alipokuwa Salome anafanya hesabu nyuma ya karatasi za ofisi. Karatasi zilizochapwa upande mmoja Stefania alikuwa anaziokota kwenye ndoo ya taka kabla hazijachomwa, na binti akamalizia upande wa pili. Kasmiri akavuta moja, akaigeuza.

"Hii nini?"

"Hiyo fundi wa Tanga aliitoa kwenye mashine. Alikuja mara mbili, zote Ijumaa, akaikuta nzima. Akaichapisha hiyo, akaitazama, akaitupa. Ndiye aliyesema labda maji."

Karatasi ilikuwa na mistari mingi ya habari za mashine. Katikati palikuwa na namba ndefu yenye nukta: 192.168.1.105.

"Na hii namba ni ya nini?"

"Fundi alisema ndiyo anwani yake kwenye mtandao. Kompyuta zinaitafuta mashine kwa namba hiyo." Stefania akasita, kisha akatoa kwenye pochi yake kijikaratasi cha kuandikia sukari na majani. "Halafu kuna hiki. Alhamisi nikiiwasha asubuhi, kabla watu hawajaingia, kioo chake kidogo cha mbele kinaandika maneno ya Kiingereza, dakika moja, yanafutika. Siku nyingine hayatokei. Niliyanakili."

Kiingereza chake cha kidato cha nne kilikuwa kimetosha. Mashine ilikuwa inasema kwamba anwani yake tayari inatumiwa na mwingine.

"Ulimwonyesha huyo Muhidini?"

"Nilimwonyesha. Akaniambia nisome ndoo yangu."

Kasmiri alisimama na vile vikaratasi viwili, kimoja kila mkono. Stefania hakuwa ameuona uso huo kwa mwaka mzima, uso wa mtu aliyekaa kaunta na abiria wawili wanagombana mbele yake.

"Namba moja, watu wawili," alisema. "Hiyo stendi tunaiitaje?"

"Kiti kimeuzwa mara mbili."

"Kiti kimeuzwa mara mbili. Sasa niambie, nani anapanda Alhamisi tu?"

"Wanachama."

"Wakifika wanafanya nini?"

Wanakaa barazani, Stefania alitaka kusema, wanangoja. Lakini picha ikamjia yote. Mwezi wa kumi na mbili Muhidini alibandika neno la siri la waifai kwenye ukuta wa baraza, takrima kwa wanachama, wapate matangazo ya ushirika kwenye simu na kupoteza muda. Wanafika saa kumi na mbili na nusu ofisi imefungwa. Ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, hakizimwi, kwa sababu meneja alisema kinakula umeme kidogo. Simu zinaingia, moja baada ya nyingine, na mashine imezimwa ukutani tangu jana yake.

Akamweleza mumewe vyote hivyo, na Kasmiri akawa anaitikia kwa kichwa kila neno.

"Basi ruta ndiyo wakala," alisema. "Kila simu ikija inaipa namba ya kukalia. Mashine yenu imezimwa, haionekani, wakala anajua kiti cha mia moja na tano ni kitupu, anakiuza. Saa moja na nusu unaiwasha mashine, inakuja na tiketi yake ya zamani mkononi, inakuta mtu amekaa. Jioni mwenye simu anakwenda zake Kwedizinga, kiti kinabaki wazi. Ijumaa mashine imepona, na fundi anakula nauli."

"Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naizima."

"Uliagizwa. Usijibebeshe."

"Na dawa yake?"

"Dawa yake tulikuwa nayo sisi. Viti vya wafanyakazi havikuwemo kwenye chati ya wakala. Basi lijae mpaka mlangoni, huwezi kuviuza, maana huvioni. Mashine itafutie kiti ambacho wakala hakioni. Waulize wenye ruta, swali moja tu: wanauza kuanzia kiti namba ngapi."

"Baba, ugali unaungua," Salome alisema.

Waliula hivyo hivyo na harufu yake ya moshi, na Kasmiri akaongea kuliko alivyoongea mwezi mzima.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Stefania alijificha nyuma ya jiko la chai na simu yake, vocha yake mwenyewe, na namba ya mteja aliyoinakili chini ya ruta alipokuwa anaifuta vumbi. Alisikiliza muziki wa kungojea mpaka sikio likapata joto. Mwishowe akapokea msichana mmoja wa kampuni ya mtandao.

"Mwanangu, ruta yetu inagawa namba kuanzia ngapi mpaka ngapi?"

Msichana akamwomba alirudie swali. Inaelekea watu hupiga kulia kwamba mtandao hauna kasi, si kuuliza hilo. "Kuanzia mia moja mpaka mia moja tisini na tisa, mama. Chini ya mia, mnaweza kuweka vifaa vyenu wenyewe. Ila moja ni ya ruta yenyewe, msiiguse."

"Hamsini je?"

"Hamsini iko huru."

Alishukuru mpaka msichana akacheka. Kisha akafanya kosa la kiungwana: akampelekea Muhidini habari, asije akasema amerukwa. Muhidini alimsikiliza mpaka mwisho, akaegemea kiti.

"Kiti, wakala, tiketi. Haya umeyatoa kwa mumeo, sivyo? Si anakata tiketi yule?" Akajisahihisha, kwa sauti ambayo Maryamu ataisikia. "Alikuwa anakata."

Maneno hayo yalimuuma kuliko utepe. Kumdharau yeye alikuwa amezoea. Kumdharau Kasmiri, aliyekuwa anabeba magunia ya watu ili mtoto asome, hapana. Aliondoka, akagonga kwa meneja. Semboja alikuwa kwenye simu na watu wa ghala, akafunika kinywa cha simu kwa kiganja. "Mambo ya mashine mwachie Muhidini, mama."

Jumatano jioni alipokuwa anazima vitu ukutani, mkono wake ulisimama kwenye swichi ya mashine. Angeweza kuiacha ikiwaka usiku huo. Ingeshikilia kiti chake, asubuhi ingechapa vibali vyote, na kazi yake ingesalimika. Lakini hapo wangesema ni utepe wa Muhidini ulioiponya, na siku umeme ukikatika wangeanza upya kuitazama ndoo yake. Aliogopa. Kisha akazima.

Maryamu alikuwa bado kwenye kompyuta yake. Aliandika kitu, akakituma, ndipo akagundua mashine imelala.

"Umeshazima, Mama Salome?"

"Nimezima. Niwashe?"

"Hapana. Acha, kitatoka kesho." Na akavaa mtandio wake haraka, bila kumwangalia machoni.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu baraza lilikuwa limejaa kuliko wiki iliyopita. Walirudi wote, na wengine wakaja na wake zao ili kupunguza safari ya kwenda ghalani. Stefania alifungua milango, akabandika chai, akafagia. Hakudeki. Saa moja na nusu akaiwasha mashine, akasimama nyuma ya utepe akitazama. Maneno ya Kiingereza yakaja. Yalikuwa yamemtesa miezi mitatu, leo akayafurahia kama barua.

Maryamu alifika akatuma vibali. Kimya. Akatuma tena. Muhidini akaingia, na kitu cha kwanza alichotazama ni sakafu.

"Leo sijadeki," Stefania alisema. "Papasa ukitaka."

Muhidini hakupapasa. Semboja alichungulia, akaona nyuso zao, akashusha pumzi, akageuka kwenda barazani kuwaambia watu warudi. Stefania akamfuata, akampita mlangoni, jambo ambalo mhudumu halifanyi kwa meneja wake.

"Mzee, nipe dakika kumi," alisema mbele ya watu wote. "Nikishindwa, nitaondoka leo, usingoje kesho."

Macho ya baraza zima yalikuwa kwenye uso wa Semboja. Alitazama saa. "Kumi," alisema.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Nani ana waifai ya ofisi kwenye simu yake?"

Mikono ikapanda, kwa mashaka kwanza. Stefania aliwaeleza pa kubonyeza, mpaka waione namba ndefu yenye nukta, kila mtu asome ile ya mwisho.

"Kuna zawadi?" mmoja aliuliza kutoka nyuma, jamaa wa Kwedizinga aitwaye Mbaruku.

"Ipo. Kibali chako."

Watu wakacheka, kazi ikaanza. Wenye macho mazuri wakawasomea wasioona. "Mia moja na mbili." "Yangu mia na kumi na nne." "Mia moja ishirini." Stefania alipita benchi kwa benchi na karatasi ya fundi mkononi. Amefika ukutani hajaipata. Muhidini mlangoni alishaanza kutabasamu. Mwisho kabisa wa baraza alikaa mzee Mdoe, kofia yake imesogezwa nyuma, akiangalia mpira wa jana kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo mzee. Naomba nikusomee."

"Marahaba. Nisomee, lakini usinizimie mpira."

Alisoma. Akasoma tena, taratibu, kidole juu ya kioo. Kisha akainua karatasi ya fundi juu ili Semboja aione, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mia moja na tano. Mzee Mdoe ndiye aliyekalia kiti cha mashine."

"Mimi?" mzee Mdoe alishangaa. "Mimi tangu asubuhi niko kwenye benchi hili, mwanangu, sijagusa mashine ya mtu."

Baraza zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka. Stefania alimwomba azime waifai kwa muda. Kisha akaingia ndani, Semboja nyuma yake, wanachama wakijazana madirishani, akavuka utepe mwekundu bila kuutazama, akaizima mashine na kuiwasha. Walisubiri. Kioo kikawaka. Maneno ya Kiingereza hayakutokea. Mashine ikavuta pumzi ndani kwa ndani, ikavuta karatasi, na karatasi ya kwanza ikashuka kwenye trei.

Stefania ndiye aliyekuwa karibu, akaichukua. Haikuwa kibali. Ilikuwa barua aliyoituma Maryamu jana jioni, ikakaa kwenye foleni usiku kucha. Yah: Kusitishwa kwa ajira ya matazamio. Jina lake lilikuwa hapo, lote, na tarehe ya kesho. Aliisoma mstari mmoja mmoja. Walikuwa wameshamfukuza. Walingoja tu mashine iwasaidie.

Maryamu alifunika mdomo kwa mkono. Semboja alikuwa amesimama mbali kidogo, anatazama vibali vilivyoanza kumiminika, hajaona.

Angeweza kuisoma kwa sauti. Watu wa Kwedizinga wangesikia, na wangeongea. Badala yake aliikunja mara nne, akaichomeka kwenye pindo la kitenge chake, na kurudi kwenye mashine, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha na kiti kilikuwa bado cha kuuzwa. Akafungua mipangilio ya mtandao kwenye kioo, kama alivyomwona fundi akifanya. Akafuta mia moja na tano. Akaweka hamsini, akakubali, akangoja mashine ijizime na kujiwasha yenyewe.

"Dada Maryamu, kwenye kompyuta yako mashine itafute kwa namba hii. Mwisho ni hamsini."

Maryamu aliandika namba hiyo. Wakaenda kwa Semboja, wakabadilisha ya kwake. Muhidini aliweka mkono juu ya kompyuta yake. "Yangu asiguse mtu," alisema, wakamwacha nayo.

"Sasa washeni," Stefania aliita dirishani. "Wote. Mzee Mdoe, rudi kwenye mpira wako."

Simu zote zikawa kwenye mtandao, pamoja na ya mzee Mdoe na za waliokuwa hawajaziunga. Maryamu akatuma vibali vilivyobaki. Mashine ikachapa. Ilichapa bila kusita, karatasi juu ya karatasi, majina ya watu wazima waliokuwa wamerudishwa nyumbani mikono mitupu wiki iliyopita, na kila jina lilipoitwa kelele ilipanda barazani. Bibi mmoja alikibusu kibali chake. Mbaruku alikipokea kwa mikono miwili, akauliza mama huyu analipwa shilingi ngapi. Kufikia saa nne na nusu lori la ushirika lilikuwa limewapakia kuelekea ghalani, na baraza likabaki na vikombe.

"Mama Salome," Semboja aliita. "Njoo."

Mafaili yalikuwa yameondolewa kwenye kiti cha wageni. Stefania alikaa bila kuambiwa, akachomoa barua kwenye kitenge, akaikunjua, akailaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hii ndiyo iliyotoka ya kwanza, mzee."

Semboja aliisoma yote, ingawa maneno ni yake. Uso ulimwiva kwa aibu. "Niliandaa mapema," alisema. "Kama ingetokea."

"Inasema mashine iligoma Alhamisi kwa uzembe wangu. Alhamisi ni leo."

"Basi ichane, mama. Yamekwisha."

"Nitaichana nikiwa na nyingine mkononi."

Hakuisema kwa hasira. Aliisema kama mtu anayetaja bei na hana mpango wa kupunguza. Semboja akamwita Maryamu, akaanza kumtamkia barua ya kumthibitisha kazini. Stefania alisikiliza kila sentensi. Ilipofika kwenye cheo, Semboja alisema mhudumu wa ofisi, na hapo akainua mkono.

"Na mashine nani anaisimamia?"

Semboja alitazama mlango uliofunguka kuelekea chumba cha Muhidini. Akauma mdomo. "Andika mhudumu wa ofisi na msimamizi wa mashine."

"Na posho ya usimamizi, mzee. Fundi wa Tanga mlimlipa nauli na siku mbili."

"Mama Salome, unanibana."

"Ndiyo, mzee."

Maryamu alikuwa ameshaandika kabla meneja hajakubali. Alikimbilia kompyuta yake, akatuma, na kutoka chumba cha pili wakaisikia mashine ikivuta karatasi moja. Aliileta bado ina joto, Semboja akatia saini na muhuri, kisha Maryamu akaiweka mbele ya Stefania kwa mikono miwili, na kwa sauti ya chini akasema, "Ya jana nisamehe, dada yangu." Stefania aliitikia kwa kichwa. Alisoma barua yote, kuanzia Yah mpaka muhuri, akarudia aya ya posho. Machozi aliyoyazuia siku saba yakashuka sasa, na hakujisumbua kuyafuta. Alimfikiria Kasmiri stendi na gunia la mtu begani, jinsi atakavyoacha kila kitu akimpigia simu. Akaichana ile ya kwanza vipande vinne, akavisogeza pembeni, akachukua kalamu ya meneja.

Kivuli kikasimama mlangoni. Alikuwa Muhidini, shati lina doa lile la wino, na hakuwa na pa kuweka mikono.

"Mama Salome," alisema. "Samahani. Kompyuta yangu bado haitoi."

"Nakuja," Stefania alisema. "Ngoja nisaini kwanza."

Muhidini akasimama pale pale mlangoni akingoja, na yeye akaandika majina yake yote matatu, taratibu, mpaka mwisho.